Punda amepotea, nani amempoteza?

Mwalimu, punda wangu alikata kamba usiku akaenda zake. Asubuhi nikamwambia jirani, "Nimepoteza punda." Akanirudi: "Sema umepotewa." Pana tofauti? (Langoni, Lamu)

Ipo, na jirani yako mshukuru. Aliyepotea ni punda. Kupoteza ni kumfanya apotee: habari huenea, lakini mtu huieneza. Wewe ulikuwa umelala, hukumpoteza. Kupotewa ndiko kunakoeleza hayo, kwamba jambo limekufika na mkono wako haumo. Ni jamaa moja na kuharibikiwa na kunyeshewa. Wasemao "nimepotelewa" nao hawajakosea.

Kitenzi hiki nakionea uchungu, maana "nimepoteza" inameza vyote. Kijana ananyakuliwa simu mkononi, halafu anasema ameipoteza! Ameibiwa huyo. Aseme hivyo, mwizi asipate pa kujificha.

Kwenye tangazo la msiba tumeandika "amepoteza mamake". Mzee mmoja amekataa tusilitoe. (Malindi)

Mzee ana haki. Andikeni "amefiwa na mamake". Kufa ni kwa marehemu. Kufiwa ni kwa aliyebaki na majonzi. Lugha imempa mfiwa neno lake mwenyewe, lisilomtwika lawama yoyote, nasi tunamvua na kumpa neno la ufunguo uliodondoka njiani. Angalieni watu wanapokuja kuhani: mtu huvua viatu mlangoni, akaketi mkekani, akasema kwa sauti ya chini, "Nimesikia umefiwa." Sijamsikia aliyeuliza, "Umepoteza nani?"

Nauza samaki. Barafu iliyeyuka, wakaoza. Nimepata hasara, nimeingia hasara au nimekula hasara? (Malindi)

Zote zasemwa, na pole sana. "Kupata hasara" ndiyo ya kuandika kwenye daftari. "Kula hasara" ni ya mazungumzo. Ila usiseme "nimetia hasara" kama barafu haikuyeyuka kwa uzembe wako, kwani anayetia hasara ni aliyeisababisha.

Kila nikirudi kutoka Mombasa, babu yangu wa Matondoni hunipokea kwa "Umepotea wewe!" Nimemkosea? (Lamu)

Hukumkosea. Kupotea hapa ni kuadimika, kutoonekana siku nyingi. Babu anakwambia kwamba macho yake yamekutafuta na hayakukuona. Usianze kujitetea kwa habari za kazi na nauli. Mwamkie, mwambie, "Nipo, babu," kisha uketi.