Babu alioa mara ngapi?

SWALI: Shikamoo Bibi Karani. Babu mzaa baba alifariki 1964 kijijini kwetu, Rungwe. Cheti chake cha ndoa ya kanisani na bibi tunacho, ni cha 1938. Mwaka jana tulipojengea makaburi walifika watu wawili kutoka Chunya, mzee wa miaka themanini na ushee na dada yake, wakasema babu ni baba yao, alimwoa mama yao alipokuwa akichimba dhahabu Lupa. Baba amekasirika. Anasema cheti ni kimoja, na mke ni mmoja. Mimi nataka kuujua ukweli. Nianzie wapi? Ndaga fijo.
Mjukuu, Uyole

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Vitabu vya usharika nimevishika miaka ishirini na sita. Cheti cha 1938 kinathibitisha ndoa ya 1938, basi. Hakikanushi ndoa nyingine.

Kwanza nenda usharika alikofungia ndoa, umwombe mchungaji akufunulie kitabu chenyewe. Cheti mlicho nacho nyumbani ni nakala, na mara nyingi kitabuni kuna zaidi: majina ya wazazi, mashahidi, kijiji alikotoka bwana harusi, hata hali yake. Tazama hapo pa hali. Likiandikwa "mseja", endelea kutafuta. Likiandikwa "mgane", basi kabla ya bibi yako palikuwa na mke aliyefariki, na kanisa lilimjua.

Kama babu alibatizwa utotoni, enzi za Wajerumani, usilitafute jina kwa maandishi ya leo tu. Wamoravian walifika Rungwe 1891, na Wajerumani waliandika kwa masikio yao: y yetu wao waliiandika j. Nyakyusa ikawa Njakjusa, na mara nyingine watu wetu wote waliitwa Konde tu. Lisome jina kwa sauti, usilisome kwa macho.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Kitabu cha kanisa hakikuandikwa ili kumkumbuka kila mke. Mume wa wake wengi aliyetaka ubatizo alitakiwa abaki na mmoja. Wale wengine walirudi kwao, au walibaki pembeni ya boma na watoto wao, na wino haukuwafikia. Niliona mama mmoja akilia ofisini kwangu kwa sababu bibi yake hakuwamo popote. Bibi huyo alizaa watoto saba! Ndiyo maana nawaambia wote wanaokuja: mke asiyekuwamo kitabuni mtafute kwenye ng'ombe.

Ndoa ya kimila ilikuwa ng'ombe, na ng'ombe husahaulika kwa shida. Waulize wazee wa upande wa baba: walitoka zizi la nani, walipelekwa kwa nani, waliwahi kurudishwa? Wakirudishwa, ndoa ilivunjika. Wakati wa Mwingereza kesi za mahari zilisikilizwa kwenye mabaraza ya machifu, kwa hiyo uliza pia ni nani aliyewahi kumshtaki mwenzake. Usianzie RITA, wakala wa serikali unaosajili ndoa, kwa ndoa ya namna hii. Sheria ya Ndoa yenyewe ni ya 1971.

Kisha uliza nani alimrithi mjane wa nani. Kwetu mdogo wa marehemu aliweza kumchukua mke wa kaka yake, na watoto wote wakamwita baba. Inawezekana watu wa Chunya ni wa babu yako kwa kuzaliwa, au ni wa ndugu yake, naye akawalea. Hayo ni majibu mawili tofauti, na hakuna hata moja la kumwonea mtu aibu.

Halafu nenda Chunya. Vijana wengi wa Rungwe walikwenda Lupa miaka ya 1930, kutafuta fedha ya kodi na ya mahari, kwa hiyo wanalolisema si la ajabu. Usiende na daftari la mashtaka, wala usiwatajie shamba. Nenda na sukari na sabuni, kaa na yule dada. Wanawake ndio wanaokumbuka nani alimzalisha nani, na mwaka gani wa njaa. Muulize mama yake aliitwa nani kwao, alizaliwa kijiji gani, amezikwa wapi. Muulize watoto walipewa majina ya nani. Akimtaja baba wa babu yako bila wewe kumtangulia, andika tarehe na maneno yake kama alivyoyasema. Ana umri mkubwa, mjukuu wangu. Nenda mwezi huu.

Baba usimbishie sasa. Mwambie unaandika historia ya babu, naye akupe anachokijua kuhusu ng'ombe. Ukikuta neno "mgane" kitabuni, niandikie.