Benzini ya mikononi mwangu: kwa mnaoanza kupima udongo na maji

Kazi ya kwanza niliyopewa kusimamia peke yangu ilikuwa kwenye kiwanja kilichokuwa taasisi ya mafunzo, upande wa magharibi wa Nairobi, kule kwenye udongo mwekundu. Mmiliki mpya alitaka kujenga nyumba za kupangisha, akaambiwa apime kwanza. Kisima cha pampu kilikuwepo lakini stima ilikatwa zamani, basi nikaenda na jenereta. Petroli nilijaza mwenyewe. Nikapangusa mikono kwenye suruali, nikavaa glavu, nikachota maji, nikarudi mjini nikijiona mtaalamu.

Majibu ya maabara yakaja: benzini na toluini, kemikali zilizomo kwenye petroli, kwenye maji. Mmiliki alinipigia simu saa kumi na mbili asubuhi. Tukarudi. Safari hii dereva ndiye aliyejaza jenereta, na hakugusa chupa hata moja. Benzini haikuonekana tena. Gharama ya safari hiyo ya pili ilitoka mfukoni mwangu.

Tangu siku hiyo, kila tarakimu inayonishtua naiuliza kwanza: wewe ni wa nani? Ni uchafu niliokuja nao mimi, ni wa ardhi yenyewe tangu iumbwe, au ni wa watu waliotumia mahali hapa? Nyinyi mliotoka chuoni juzi huwa mnarukia jibu la tatu. Ndilo tamu kuandika kwenye ripoti.

Wa kwako ndio rahisi kuukamata, ukitaka. Beba maji safi kutoka maabara, yamimine kwenye chupa tupu za sampuli pale pale kisimani, na uzifunge kama nyingine. Tunaziita blanki. Kama blanki ina benzini, mchafu ni wewe. Siku ile sikubeba hata moja kwa sababu niliona ni pesa ya bure. Chukua pia sampuli pacha, yaani ya pili kutoka mahali pale pale, moja katika kila kumi, na maabara isijue ni pacha.

Halafu angalia vyombo. Vibarua wa kiwanjani ni watu wema, watakuazima karai la bati uchanganyie udongo. Kataa kwa upole. Bati lina zinki, na zinki hiyo utaikuta kwenye majibu. Tumia bakuli na mwiko wa chuma kisichoshika kutu, uvioshe kwa sabuni na maji ya maabara kila unapohama shimo. Na kama unatafuta mafuta au vitu vinavyoyeyukia hewani, usichanganye kabisa. Funga udongo ulivyotoka. Chupa zake za maji ni zile ndogo za mililita 40, zijae hadi mdomoni, ukizigeuza kusionekane kiputo cha hewa.

Barafu ya kupoza sampuli nayo ina vituko vyake. Ikiyeyuka, maji yake huingia kwenye vifuniko na kufuta maandishi. Fungia kila chupa kwenye mfuko wake, andika kwa penseli.

Sasa ardhi. Visima virefu vingi vya Nairobi vina floridi inayotoka kwenye miamba ya volkano. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na si ajabu kisima kukivuka bila mtu yeyote kumwaga chochote. Udongo mwekundu wa Kabete, huko magharibi mwa Nairobi, una madini ya manganizi mengi kwa asili. Mgeni akiona tarakimu hiyo anaandika "kiwanda". Ndiyo maana unachukua sampuli za kulinganisha, mahali pa juu ya mteremko ambapo hapakutumika, kwenye udongo wa aina ile ile. Usilinganishe mwekundu wa Kabete na ule mweusi wa Embakasi, upande wa mashariki. Hata maji hayapiti kwa namna moja. Mweusi wakati wa kiangazi hupasuka, na petroli ikimwagika hushuka kwenye nyufa. Mvua ikinyesha unavimba na kujifunga, na buti zako zinakuwa na kilo tano kila moja. Pia uliza kama kuna udongo uliomwagwa na malori. Niliwahi kuchimba nusu siku nikipima udongo wa mtaa mwingine.

Sasa wa mahali penyewe. Hapa ndipo ninapoona vijana wakikosea kwa kuchora gridi, yaani miraba iliyo sawa, kwenye kompyuta na kushuka kiwanjani na orodha ya nukta 30. Gridi ina kazi yake, lakini taasisi ya zamani haikuchafuliwa kwa gridi. Ilichafuliwa karakana, kwenye tangi la mafuta, nyuma ya zahanati ambako takataka zilichomwa, chini ya kuta zilizopakwa rangi yenye madini ya risasi, na kwenye vyoo vya shimo, ambavyo utavijua kwa nitrati kisimani.

Pale pale kwenye kisa changu cha benzini, nilikuwa nachimba kando ya sakafu ya saruji iliyobomoka, nikiamini ndipo palipokuwa josho. Mzee mmoja aliyewahi kuchunga ng'ombe wa taasisi alisimama uani akinitazama kwa muda, fimbo begani.

"Kijana, unatafuta nini hapo?"

"Josho, mzee."

"Hapo palikuwa pa kukamulia. Josho ni kule kwenye mkaratusi. Na tope lake hatukulimwaga hapo. Lilikuwa likichotwa kwa ndoo linatupwa bondeni."

Akashuka bondeni hatua kama arobaini, akachoma fimbo ardhini. Nyasi zilikuwa zimeota kama kwingine. Kwa macho usingeona kitu. Zamani majosho mengi yalitumia aseniki kuua kupe, kisha zikaja dawa za klorini kama toksafini. Aseniki haiozi. Kwenye udongo mwekundu hushikwa na chuma kilichomo, kwa hiyo haisafiri sana, hukaa pale ilipomwagwa. Shimo la fimbo ya mzee lilitoa aseniki mara nyingi zaidi ya sampuli zetu za kulinganisha, na kwenye gridi yangu hapakuwa na nukta yoyote bondeni. Mnunulie mzee chai, lakini baada ya maelezo, asije akakuonyesha unachotaka kuona.

Kina cha kuchimba hutegemea swali. Kama unawaza watoto watakaocheza pale, shughulikia sentimita chache za juu, maana vumbi ndilo linaloingia mdomoni. UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ilipochunguza jaa la taka la Dandora, Nairobi, mwaka 2007, nusu ya watoto 328 waliopimwa walikuwa na risasi kwenye damu kupita kiwango kilichokubalika wakati huo. Kama unawaza kisima, nenda chini.

Kuhusu maji, fuata bomba hadi mwanzo wake kabla ya kufungua mfereji. Rafiki yangu aliwahi kuandika ripoti nzuri kabisa ya kisima, kumbe pampu ilikufa na tangi hujazwa na lori la maji kila Jumanne. Ukiwa kisimani kweli, piga pampu, mwaga maji, pima joto, pH (kipimo cha asidi) na uwezo wa kupitisha umeme hadi vipimo vitatu vya kufuatana vifanane. Maji yaliyolala kwenye bomba si maji ya ardhini. Chupa ya metali iwe na asidi ya nitriki, ili metali zisigande kwenye kuta zake. Ya vijidudu iwe tasa, na ifike maabara ndani ya saa 24, ikiwezekana sita. Kwa hiyo ichote mwisho, na kama maabara iko Industrial Area usiondoke Kabete saa kumi jioni. Foleni ya Waiyaki Way haijui mambo ya vijidudu.

Paa za asbesto usizivunje, wala usizikanyage. Vifuniko vya vyoo vya zamani usivisimamie.

Kabla hujapeleka chochote, ipigie simu maabara, ambayo iwe miongoni mwa zilizoteuliwa na NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, uulize kiwango cha chini kabisa wanachoweza kuona. Mwongozo wa aseniki kwenye maji ya kunywa ni miligramu 0.01 kwa lita. Kama mashine yao huanza kuona kwenye 0.05, neno "haikuonekana" kwenye cheti chao halina maana, na umeshalipa. Waambie pia wakuwekee udongo uliobaki hadi ripoti ikubaliwe, na waandike ahadi hiyo kwenye fomu ya kupokea sampuli.