Kujenga Cobra ya faiba nyumbani: anza na chesi, bodi isubiri

Tangu nianze kuweka picha za Cobra yangu mtandaoni watu wananiuliza swali lilelile, bodi umeipata wapi na imekugharimu shilingi ngapi. Nawaelewa, bodi ndo inayoonekana, ndo inayofanya mtu asimame barabarani kuangalia. Ila kama kweli unataka kuijenga hii gari mpaka mwisho na siyo kuishia kuhifadhi mzigo gereji, bodi ni kitu cha kukipa hela na muda baada ya vingine vyote. Yangu nimeijenga hapa Uingereza kwenye gereji ya nyumba ya kawaida kabisa, jioni nikitoka kazini na wikiendi, na ushauri wangu wote unarudi palepale: chesi kwanza, yaani ile fremu ya chuma inayobeba gari zima, isimame kwenye matairi yake, injini na giaboksi vikae ndani, ndo ulete bodi ya faiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa rezini, ile gundi ya maji.

Kwa ambao hawaijui hii gari. Carroll Shelby alikuwa dereva wa mbio kutoka Texas, alishinda Le Mans, mbio za saa 24 kule Ufaransa, mwaka 1959 na Aston Martin, baadae moyo ukamsumbua akaacha mbio. Kampuni ya AC Cars ya Thames Ditton, nje kidogo ya London, ilikuwa na gari dogo jepesi linaitwa Ace ambalo injini yake ya kampuni ya Bristol ilikuwa haitengenezwi tena, Shelby akawashawishi wamtumie ile gari yeye aiwekee V8 ya Ford, injini ya silinda nane. Hiyo ni 1962, na gari likaitwa Cobra. Ikaanza na injini ya lita 4.2, ikaja 4.7, halafu 1965 ikatoka ile ya lita 7 yenye madigadi yaliyotuna, na hiyo ndo wengi tunaiiga. Zilitengenezwa kama elfu moja tu, sasa unaweza kufikiria bei yake. Ile ya kwanza kabisa, CSX2000, ilipigwa mnada kule Monterey mwaka 2016 kwa dola milioni 13.75. Kwa hiyo kwa mtu wa mshahara kama mimi njia ni moja, ujenge ya kwako, na bahati nzuri Uingereza kuna viwanda vidogo vingi vinavyouza chesi na bodi kwa watu wanaojijengea wenyewe nyumbani.

Bodi za Cobra halisi zilikuwa za aluminiamu iliyogongwa kwa mkono. Za kwetu ni faiba, na kuna watu wakisikia faiba wanadharau wanaona kama ni plastiki ya bei rahisi. Wajue tu kwamba Chevrolet Corvette imetoka na bodi ya faiba tangu 1953, na hata boti zinazopiga kazi baharini zipo za faiba hiyohiyo. Haishiki kutu, inarekebishika, na ukiijengea vizuri inakaa miaka na miaka.

Sasa kwa nini chesi kwanza. Faiba haina mfupa. Bodi ya Cobra ukiitoa kwenye kalibu na kuiacha juu ya magogo mawili miezi kadhaa inajikunja taratibu, na jicho halioni mpaka siku unafunga mlango unakuta juu umebana na chini pana uwazi wa kuingiza kidole. Na chesi nayo ikiwa tupu juu ya stendi haikai sawa na ikiwa imebeba injini na imelala kwenye springi zake. Mimi nilifunga bodi yangu kwenye chesi ikiwa chini kwenye matairi, uzito wote ndani, boliti zote zimekazwa, halafu ndo nikaanza kugusa milango. Uwazi kuzunguka mlango nilitaka milimita 4 hadi 5 kila upande, rangi nayo inakula kidogo. Pakizidi unajenga ukingo kwa rezini na nyuzi, pakibana unasaga kwa msasa wa ubao mrefu, na kila ukifanya hivyo unafunga na kufungua mlango mara nyingi sana. Hii kazi ya milango, boneti na buti ndo inatenganisha gari ambalo watu wanaliheshimu na gari ambalo linaonekana limeunganishwaunganishwa, usiipe haraka hata kidogo.

Sababu nyingine ni ya kifundi zaidi. Wengi wetu tunatumia ekseli ya nyuma ya Jaguar, ya XJ6 au XJS za zamani, kwa sababu ni imara na kila gurudumu linajitegemea. Tatizo lake ni kwamba diski za breki hazikai kwenye magurudumu, zimekaa katikati zimebanana na difu. Chesi ikiwa wazi unazifikia umesimama na spana mkononi, bodi ikishakaa unalala chini unahangaika na boliti usiyoiona. Kwa hiyo diski mpya, pedi, sili za difu, kebo za handbreki, paipu za breki, vyote hivyo vimalize kabla bodi haijagusa chesi. Vilevile tanki la mafuta na paipu zake. Injini mimi nimeweka Rover V8 ya lita 3.5, ya aluminiamu, asili yake ni Buick ya Marekani, siyo kubwa kama ya Shelby ila ni nyepesi na spea zake zinapatikana kirahisi hapa. Mwenye hela anaweka Chevrolet ya lita 5.7 au Ford, chaguo lake.

Kuna swali la pili linakuja sana hasa kutoka kwa vijana wa nyumbani Afrika Mashariki, kwamba si nitengeneze bodi mwenyewe kuanzia sifuri? Inawezekana ndio. Unajenga kwanza umbo lenyewe kwa mbao na povu, hilo povu liwe la poliyurethini maana lile jeupe la kufungia televisheni rezini ya poliesta inaliyeyusha palepale, umbo lote unalifunika kwa rezini na puti, unalisaga mpaka ling'ae, unalipaka nta tabaka juu ya tabaka, juu yake unajenga kalibu nene mara mbili au tatu ya bodi, uliimarishe kwa fremu, uliache likauke vizuri, na hapo ndo unaanza kutoa bodi yenyewe. Ukitaka kutoa bodi moja tu hii hesabu hailipi, muda na rezini vitakula zaidi ya bei ya kununua bodi tayari. Ushauri wangu nunua bodi, na mikono yako ijifunze faiba kwenye vitu vidogo, dashibodi, boksi la betri, vifuniko vya ndani ya madigadi. Mimi dashibodi yangu nimeitoa mwenyewe na ilinifundisha kila kitu nilichohitaji kwa ajili ya bodi.

Hapa kwenye faiba yenyewe ngoja nikae kidogo. Rezini ya poliesta inaganda kwa hadena, na hadena inapimwa, haikisiwi. Asilimia 1 hadi 2 ya uzito, yaani kilo moja ya rezini gramu 10 hadi 20. Gereji ikiwa na nyuzijoto 20 hivi unapata kama robo saa ya kufanya kazi kabla haijaanza kuwa kama jeli. Ikishuka chini ya 15 rezini inazubaa, inaweza isikauke vizuri ndani, ndo maana kipindi cha baridi hapa mimi sikuwa nagusa faiba bila hita, nilikuwa nafanya waya na mabomba. Wewe uliye Dar au Mombasa una tatizo la upande mwingine, joto litakugandishia ndoo mkononi, anza alfajiri, hadena iwe karibu na ile asilimia 1, na changanya kidogokidogo. Mati nayo, yaani ule mkeka wa nyuzi za kioo, itunze pakavu maana inanyonya unyevu wa pwani na unyevu ukiingia faiba haishiki.

Mati ya gramu 450 kwa mita mraba ndo ya kutumia kwa kazi nyingi, rezini iwe mara mbili hadi mbili na nusu ya uzito wa mati. Paka rezini kwanza, laza mati, piga kwa brashi wima wima usiivute, halafu pitisha rola ya chuma yenye mifereji mpaka ule weupe wa nyuzi upotee na usikie vipovu vinapasuka chini ya rola. Kipovu kikibaki ndani, siku gari likikaa juani kitatoa donge kwenye rangi.

Usalama nausema kwa msisitizo wote. Hadena ikiingia jichoni inaweza kukupofusha, vaa miwani kila ukifungua chupa. Barakoa ya kitambaa haisaidii, tafuta yenye filta ya mvuke wa kemikali, na ukianza kusaga ongeza ya vumbi. Kama rezini yako inakuja na aksilereta pembeni, ile kemikali ya kuharakisha kuganda, aksilereta na hadena visikutane peke yake hata tone, vinalipuka, changanya kimoja kwenye rezini kwanza ndo kingine. Na rezini iliyobaki kwenye kopo usiitupe kwenye pipa la ndani, ikiwa nyingi sehemu moja inapata moto mpaka inatoa moshi. Itoe nje iwekwe kwenye zege mpaka ipoe. Majirani pia waambie mapema, ile harufu inapenya ukuta.

Bodi ya kununua itakuja na mistari pale vipande vya kalibu vilipoungana. Usiisage juu juu tu na kupaka puti. Chini ya mistari hiyo mara nyingi kuna vipovu, ichimbe kwa grenda iwe umbo la V, jaza kwa rezini iliyochanganywa na nyuzi zilizokatwakatwa, puti iwe ya kulainishia juu peke yake. Na kabla hujaweka msasa wowote ioshe bodi nzima kutoa nta ya kalibu, la sivyo msasa unaisukuma nta ndani ya mikwaruzo na rangi itakukataa. Kama unaweza, iache bodi ikae kipindi cha joto kabla ya rangi, faiba mpya bado inanywea.

Umeme sasa. Gari la bati, bodi nzima ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri. Faiba haipitishi umeme, kwa hiyo kila taa, kila honi, geji ya mafuta, vyote vinahitaji waya wa kurudi mpaka kwenye chesi. Nimeombwa na mshikaji mmoja nikaangalie Cobra yake ambayo indiketa zilikuwa zinawaka hafifu na taa za breki zinajiwashia, ilikuwa ethi tu, taa zote za nyuma zilikuwa zinategemea skrubu moja. Mimi nimevuta waya mnene wa ethi nyuma na mwingine mbele, kila kitu kinaunganishwa hapo. Boliti zinazopita kwenye faiba ziwekee washa pana na upande wa ndani ongeza mati, maana boliti ikikazwa kwenye faiba tupu nyufa kama nyota zinatokea kwenye jelikoti, lile tabaka laini la nje. Mikanda ya viti na roli baa, bomba la kukulinda gari likipinduka, vifungwe kwenye chuma cha chesi, kwenye faiba kamwe.

Kabla ya kununua chochote pima gereji. Cobra ya lita 7 ina urefu wa kama mita 3.96 na upana wa mita 1.73, mlango wa gereji wa mita 2.1 unakubakishia sentimita 18 kila upande, na bodi peke yake lazima ipate pa kuning'inia.

Kwa walio Uingereza, mwisho wa yote kuna IVA, ukaguzi wa serikali wa gari mojamoja, ndo upate usajili wa DVLA, mamlaka ya usajili wa magari. Piga picha tangu siku ya kwanza ukiwa unafanya kazi, tunza risiti zote, wanataka ushahidi kwamba umejenga mwenyewe. Kingo za nje ambazo mtu anaweza kugusana nazo ziwe za mviringo wa angalau milimita 2.5, spidomita isionyeshe chini ya spidi halisi hata kidogo, kelele isizidi desibeli 99, usukani urudi katikati wenyewe. Soma ule mwongozo wakati chesi bado iko tupu, siyo wiki ya mtihani, maana vitu kama sehemu za mikanda vinaamuliwa mapema. Na kwenye kadi ya gari liandikwe jina la kit uliyojenga, yaani seti ya chesi na bodi uliyonunua, usimuuzie mtu kama AC ya kweli.

Likishapata namba, safari za kwanza ziwe fupi na karibu na nyumbani. Ukirudi kaza tena nati za magurudumu na boliti za sasipensheni, angalia chini kama kuna mafuta au maji yanayovuja, na shika ukuta wa faiba karibu na eksozi kwa kiganja. Kama ni wa moto kiasi huwezi kuushikilia, weka zulia la foili la kuzuia joto pale kabla hujaenda mbali zaidi.