Anza na Hadestown
Ndugu, umeuliza mtu anayependa waimbaji wanaojitungia nyimbo aanzie wapi kwenye michezo ya muziki, maana nyimbo za jukwaani unaziona makelele matupu. Jibu langu ni Hadestown, bila kupepesa macho. Anaïs Mitchell, mwimbaji anayejitungia nyimbo, aliitoa kama albamu mwaka 2010, ikaja kufika Broadway, kumbi kubwa za maigizo za New York, 2019 na kuzoa tuzo 8 za Tony, zile za maigizo ya Broadway. Chukua rekodi ya waigizaji wa Broadway: tromboni ikiingia tu pale mwanzoni, utakaa sawa kwenye kiti! Halafu msikilize Orpheus, mhusika mkuu, na gitaa lake, anavyopandisha sauti bila neno hata moja, "la la la" tu. Mimi hapo huwa hoi. Ukimaliza, rudi kwenye ile albamu ya 2010 ulinganishe.

Ya pili ni Waitress (2016), nyimbo za mwimbaji Sara Bareilles. Hadithi yake ya kawaida tu, sikufichi, ila "She Used to Be Mine" ni balaa: mwanamke mjamzito anamlilia yule aliyekuwa yeye zamani. Bareilles mwenyewe aliwahi kuigiza nafasi hiyo, 2017.

Mwimbaji Carole King naye ana mchezo unaohusu maisha yake, Beautiful, lakini kwake nenda moja kwa moja kwenye albamu yake, Tapestry ya 1971.