Jibu: Binti wa miaka 7 anaitwa "Babu Sharubu" skuli

Dada yangu wa Wete, pole sana. Umeuliza kama umnyoe mwanao nywele za juu ya mdomo kwa vile wenzake wanamwita "Babu Sharubu". Nakuomba usikimbilie wembe, wala zile krimu za kuondolea nywele. Krimu hizo huweza kuchoma ngozi ya mtoto. Si kweli kwamba nywele zikinyolewa huota nene zaidi, lakini ukimnyoa leo ataona waliomcheka walikuwa na haki.

Binti yangu naye alichekwa hivyo, akarudi kutoka chuoni (madrasa) kaziba mdomo kwa mtandio, hata juisi ya ukwaju hakutaka kuinywa mbele ya watu. Nikamkalisha barazani na kioo, tukatazama mdomo wangu, kisha wake: malaika (vinywele laini) yaleyale, na bibi yake anayo pia. Tukafanya mazoezi ya kujibu, "Ndivyo nilivyo," halafu aondoke zake. Kesho yake nikaenda mwenyewe kwa mwalimu wake, nikamtajia lile jina analoitwa. Hilo ndilo lililosaidia hasa.

Ila mchunguze: nywele zikiwa nyeusi na nene, au zikianza kuota kwapani na sehemu za siri kabla hajatimiza miaka 8, mpeleke kwa daktari.