Kabla hujaanza kupekua chenji kutafuta sarafu za thamani

Wewe unayetaka kuanza kupekua chenji, jiulize kwanza unatafuta hela au unatafuta ile raha ya kutafuta, maana jibu la hapo ndo linaamua kila kitu. Kama ni hela ya kuishi nayo, mi nakwambia ukweli, achana nayo, nimeshainamia mezani jioni nzima na makopo mawili ya chenji nikaambulia sarafu moja tu ya kuweka. Kama ni raha karibu sana, kwa sababu hii kazi haili mtaji, sarafu usiyoitaka kesho unainunulia kitu kwa thamani ileile, kinachoenda ni muda wako.

Sasa kosa la wageni wengi ni kudhani sarafu ikiwa kuukuu basi ni dili. Hapana. Zile senti za Marekani zenye masuke ya ngano nyuma, za 1909 mpaka 1958, zilitengenezwa nyingi mno na nyingi yake thamani yake ni ndogo tu, wakati Uingereza kuna peni 50 ya kumbukumbu ya bustani ya Kew Gardens ya 2009, ya juzi kabisa, zilitolewa 210,000 tu na wakusanyaji wanaigombania mpaka leo. Angalia uchache, madini na hali ya sarafu yenyewe.

Madini ndo pa kuanzia, tena hapo huhitaji utaalamu. Senti 10 na senti 25 za Marekani mpaka mwaka 1964 ni madini ya fedha asilimia 90, kuanzia 1965 ndani wakaweka shaba, kwa hiyo zipange kama mnara uzitazame ubavuni: zenye mstari mwekundu wa shaba pitisha, iliyo nyeupe ubavu mzima itoe usome mwaka. Unamaliza mamia kwa dakika chache na hii imeniokolea muda kuliko mbinu nyingine yoyote. Ila ujue watu walianza kuzichomoa zamani sana, zilizobaki mtaani ni za bahati.

Uwe na sumaku pia. Zile senti moja za Marekani za 1943 zilitengenezwa kwa chuma kwa sababu shaba ilihitajika vitani, chache sana zikatoka za shaba kwa makosa na hizo ndo za hela nyingi, basi kuna watu wanapaka shaba zile za chuma, ukiona yenye rangi ya shaba imenasa kwenye sumaku hiyo ni ya kupakwa, usihangaike.

Maandishi yanayoonekana mara mbili ndo yanawachanganya wengi, na mimi nilihangaika nayo sana. Mara nyingi ni mashine tu ilitikisika wakati wa kugonga, unaona kingazi bapa pembeni ya herufi, hiyo haiongezi thamani yoyote. Ya kweli, ile wanayoitafuta wakusanyaji, herufi ya pili imesimama kabisa kama ya kwanza.

Na tafadhali usisugue sarafu! Niliwahi kuing'arisha moja nzuri nikidhani naipandisha, kumbe mikwaruzo ile ndo imeiharibu na haifutiki tena.

Mi siku hizi najipa nusu saa, ikiisha nafunga. Zilizokwisha kupekuliwa tia kwenye kopo lingine kabisa uzitumie, ukizirudisha palepale wiki ijayo utapekua zilezile.