Unaniomba ratiba? Yangu niliichana

Wiki iliyopita baba mmoja aliniandikia. Mwanawe ana miaka 7, kila asubuhi ya shule anaumwa tumbo, na siku za mapumziko tumbo linapona lenyewe. Akirudi nyumbani anashinda uani akichimba mashimo. Baba ameshaamua kumtoa shule, sasa ana ombi moja tu: "Naomba unitumie ratiba unayotumia na binti yako."

Nilicheka, kisha nikanyamaza, maana ugonjwa huo wa ratiba mimi nimeuugua.

Binti yangu alipokuwa darasa la pili niliitwa shuleni. Nilikaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yamenifika kifuani, nikasomewa ripoti: mzito, hasikilizi, anachezea vitu. Kosa la siku ile lilikuwa kufungua kalamu ya mwenzake atazame springi iliyomo ndani. Aliyenisomea hakuinua macho hata mara moja. Ripoti hiyo bado ninayo droo ya chini, na sijui naihifadhi ya nini. Nadanganya, najua sana.

Tukamtoa. Baba yake alikubali kwa sharti kwamba asiachwe nyuma na wenzake, na mimi sharti hilo nililibeba kama jeneza. Nikanunua ubao na chaki, nikachora ratiba ya rangi nne: saa mbili hesabu, saa tatu kusoma, saa nne sayansi. Nilikuwa hata na kengele. Ndiyo, kengele, ndani ya nyumba, ya mwanafunzi mmoja! Jioni nilisahihisha madaftari kwa wino mwekundu. Siku ya tisa nikamwuliza anataka nini. Akasema anataka kurudi shule, kwa sababu kule mwalimu akikasirika, mtu unaenda zako nyumbani.

Usiku ule niliichana ratiba.

Miezi mitatu iliyofuata sina la kusimulia. Alilala, alicheza, akalala tena, mimi nikalia bafuni maji yakiwa wazi. Ushauri wangu wa kwanza basi ni huu: mwache apumue kwanza. Mtoto aliyezoea kuamriwa kila dakika hajui anachokipenda mpaka akae kitambo bila kuamriwa. Na wewe mzazi unahitaji kupumua kuliko yeye.

Usiku nilikuwa nasoma. Kilichonishika zaidi ni kisa cha kabati. Mwaka 1907 daktari Maria Montessori alifungua nyumba ya watoto San Lorenzo, mtaa wa mafukara jijini Roma, kwa watoto ambao wazazi wao walishinda kazini. Vifaa vilifungiwa kabatini na mwalimu ndiye aliyevigawa. Siku moja mwalimu akachelewa, na kabati alikuwa hajalifunga. Alipofika akakuta watoto wameshajichukulia kila mmoja alichokitaka, wamezama kazini. Mwalimu akauona wizi. Montessori akaona watoto wanaojua wanachokihitaji, akaweka rafu fupi wanazozifikia wenyewe.

Kesho yake nikashusha kila kitu kilichokuwa juu ya makabati: mkasi, gundi, rula, hata bisibisi ya baba yake.

Haikupita wiki nikaamka nikakuta saa ya ukutani iko sakafuni, kioo pembeni, mishale wazi. Nilifungua kinywa nimgombeze, nikajing'ata ulimi. Akaniuliza, "Mama, mbona mshale mfupi uko kwenye saba na nyinyi mnasema saa moja?" Ningejibu nini? Nikasema ndivyo tulivyokuta.

Jibu hilo hakulitaka. Alishinda pale akizungusha mishale kwa kidole, na kesho yake akaja mbio jikoni: "Mkia! Mama, mkia wa mshale ndio unaosema kweli!" Nikaenda kutazama. Mshale mfupi ukiwa kwenye saba, kile kipande chake cha nyuma kinaelekea kwenye moja. Ukiwa kwenye tisa, mkia uko kwenye tatu. Miaka yote nasoma saa na sijawahi kuutazama mkia.

Akakata karatasi ya duara akaandika namba zimepinduka, kumi na mbili chini, sita juu, akaibandika, tukaitundika saa. Ilipofika saa mbili na nusu, saa yake ikasema saa mbili kamili, kwani mshale mrefu ulikuwa umeshuka chini, na chini ndiko alikoihamishia kumi na mbili. Alikasirika mpaka machozi. Siku mbili hakuigusa, na mimi siku mbili ulimi unaniwasha. Siku ya tatu akachora duara jingine nje ya lile la kwanza, akaandika dakika zikianzia juu kama zamani. "Saa zinapinduka," akaniambia, "dakika hazipinduki."

Mtoto mzito huyo!

Kwa hiyo ushauri wa pili: nyamaza. Na wa tatu, ukiniuliza, ni kunyamaza tena. Lakini kunyamaza hakuna maana ya kumtupa. Karatasi na gundi lazima awekewe na mtu, na mtu huyo awe karibu machozi yanapokuja. Watu wanadhani kumwachia mtoto aongoze ni likizo ya mzazi. Waje wajaribu siku mbili zile.

Maneno utayasikia. Dada yangu mwenyewe alinitamkia mbele ya wageni kwamba namfanyia mtoto majaribio. Siku hizi nina jibu: jaribio hili limepita miaka mia. Summerhill, shule iliyoko Uingereza, iliyoanzishwa na mwalimu A. S. Neill mwaka 1921, masomo ni hiari mpaka leo, na kwenye mkutano wa shule kura ya mtoto ina uzito sawa na ya mwalimu. Wakaguzi wa serikali ya Uingereza waliibana mwaka 1999, kesi ikaishia mwaka 2000 kwa makubaliano yaliyoiachia hiari yake. Sudbury Valley, shule ya Massachusetts, Marekani, tangu 1968, haipangi watoto kwa umri, na darasa linakuwepo watoto wakiliomba. Mimi sikuwa na shule kama hizo karibu. Nilikuwa na bisibisi.

Sasa niungame. Binti yangu alikaribia miaka 9 hajaweza kusoma ukurasa mzima, na mimi niliyekuwa nawahubiria wenzangu subira nikaanza kumfundisha kwa kujificha, najifanya tunacheza kadi za herufi. Alinigundua siku ya pili. Hakusema kitu, aliziweka kadi kwenye rafu ya juu, mahali asipopafikia bila kiti. Miezi michache baadaye alipata kijitabu cha maelezo ya redio mbovu, akakaa nacho mpaka kikasomeka. Sikumfundisha mimi, na ninakiri kwamba hilo liliniuma kidogo.

Leo ana miaka 13. Mwaka huu aliomba mwenyewe kufanya mtihani wa hesabu, akajipangia miezi minne ya kusoma, akafaulu vizuri. Najisifu? Ndiyo, nimesubiri miaka sita.

Ila usikurupuke, ndugu yangu. Kabla hujamtoa mtoto, soma sheria ya nchi unayoishi. Ujerumani, kwa mfano, mtoto lazima ahudhurie shule, na mwaka 2006 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ililikataa lalamiko la familia iliyotaka kufundisha watoto wake nyumbani. Kaa pia na mwenzako mzungumze kweli, maana nyumba ikigawanyika, mtoto ndiye anayekuwa kamba ya kuvutania. Na kama anaipenda shule yake, mwache huko huko. Anayeongoza ni yeye, au umesahau?

Kuhusu ratiba, sina ya kukutumia. Lakini barua yako nimeirudia mara tatu na kuna kitu hukukiandika. Hayo mashimo yana kina gani? Anachimba anatafuta nini, au anazika nini? Kama hujamwuliza, anza hapo, kisha niandikie tena.